Mganga Hajigangi: Mwili Unaojiponya katika Historia ya Ufipa na katika Bunilizi ya Kisayansi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya wazo la mwili unaojiponya kwa kuanzia Milanzi, kitovu cha kale cha Ufipa, na kwa kupitia tenzi, vita vya Majimaji, kampeni za kamchape na riwaya ya Kiswahili ya miongo ya karibuni. Hoja yake ni kwamba kupona, kama kunavyosimuliwa katika Kiswahili na katika masimulizi ya Ufipa, hakujawahi kuwa mali ya mtu mmoja: kuna anayelipa, na mara nyingi anayelipa ni ndugu. Makala yanaonesha kwamba biolojia ya mageuko, kwa mifano iliyochunguzwa Afrika ya Mashariki yenyewe, inasema jambo linalokaribiana na hilo, na kwamba mwandishi wa bunilizi ya kisayansi anayelipuuza anaandika hadithi dhaifu, na pengine ya hatari.

Utangulizi

Katika semina moja ya uzamili, mwanafunzi mzaliwa wa Sumbawanga aliwasilisha mpango wa riwaya. Mhusika wake mkuu ni binti wa Milanzi ambaye jeraha lake lolote hufunga kwa usiku mmoja bila kuacha kovu. Mwanafunzi alitaka kujua kama mtu wa namna hiyo angeweza kutokea kwa njia ya mageuko, na ingechukua vizazi vingapi. Wenzake walijadili jeni kwa saa nzima, kwa ari na kwa makosa mengi. Mimi nilibaki na swali ambalo halikuwa la kibayolojia: siku majirani watakapojua, ndugu za binti huyu watamfanyia nini?

Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Hayakusudii kumfundisha mtunzi namna ya kutunga. Yanakusudia kuonesha kwamba mhusika kama huyu hatui Milanzi kutoka kwenye vitabu vya katuni vya Marekani, ambako Wolverine, mhusika anayejulikana kwa uwezo wa kujiponya, alionekana mara ya kwanza mwaka 1974. Anaingia katika lugha na mahali ambapo wazo la mwili usiodhurika lina historia ndefu, na historia hiyo ina masharti yake.

Kupona na kuganga

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mara nyingi huchukuliwa kuwa jozi tu ya mgonjwa na tabibu, ilhali tofauti yao ni kubwa zaidi. Kupona ni kurejea katika afya, lakini pia ni kuokoka. Aliyetoka salama katika basi lililopinduka “amepona” hata kama hakupata mchubuko, na aliyekwepa hatari kwa nafasi finyu “ameponea chupuchupu.” Msemaji wa Kiswahili hatenganishi kufunga kwa kidonda na kubaki hai baada ya maafa. Jambo hili lina uzito kwa somo letu, kwa sababu nadharia ya mageuko nayo hujengwa juu ya kupona kwa maana hiyo ya pili: wanaosalia ndio wanaozaa, na wanaozaa ndio wanaorithisha.

Kuganga ni kitenzi cha namna nyingine. Ni kutibu, lakini pia ni kuunga kilichovunjika. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huurejesha mzizi huu kwenye dhana ya kufunga au kukaza kwa kamba, na mzizi huohuo ndio uliozaa jina la mganga katika lugha nyingi kuanzia Kongo hadi pwani. Kifipa kinao pia: mganga ni sinaanga, na waganga ni asinaanga. Kuganga huhitaji watu wawili, anayefunga na anayefungwa. Ndiyo maana methali inayosema mganga hajigangi haitoi kejeli kwa waganga peke yao. Inaeleza sarufi ya tendo lenyewe. Mtu anaweza kupona peke yake, lakini hawezi kujiganga.

Yapo pia maneno ya majeraha yasiyopona. Kiswahili hukiita kidonda sugu kinachokula nyama “donda ndugu.” Sina haja ya kubahatisha asili ya jina hilo; inatosha kuona kwamba wasemaji walipotafuta neno la jeraha lisilotaka kumwacha mtu, walilipata katika msamiati wa ukoo.

Kwa hiyo binti anayejiponya ni kitendawili tangu katika lugha. Anapona bila kugangwa. Hadai mganga wala hadaiwi na mganga. Kwa msomaji aliyelelewa na methali, swali la kwanza ni lile la deni: limekwenda wapi?

Milanzi iliyopona

Jina la Milanzi leo ni la kata ya Manispaa ya Sumbawanga. Katika masimulizi ya Wafipa, Milanzi (ambayo Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliiandika Milansi) ni kijiji kilichokuwapo tangu mwanzo na ambacho hakikomi. Mtawala wake wa kwanza, Ntatakwa, anasimuliwa kuwa alishuka kutoka mbinguni.

Kisa kinachobeba historia ya siasa ya Ufipa kinafahamika. Ntatakwa alikwenda kuwinda. Alipokuwa mbali, wakafika wanawake watatu wageni kutoka nchi ya mbali, wakakikalia kigoda cha utawala. Aliporudi, alikuta mambo yamekwisha. Hapakuwa na vita. Palikuwa na mapatano: wageni hao, mama wa ukoo wa Watwa, walichukua utawala wa nchi, na Milanzi ikabaki na ardhi yake ya karibu pamoja na heshima ya ukuhani. Baadaye utawala wa Watwa uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, wakagombana wao kwa wao, wakavamiwa na Wangoni (Zwangendaba mwenyewe alifia Ufipa katika miaka ya 1840), wakatawaliwa na Wajerumani na kisha Waingereza. Milanzi ikaendelea kuwa Milanzi.

Willis alikisoma kisa hiki kama mfano wa uhusiano kati ya mamlaka ya kiroho na mamlaka ya nguvu, na usomaji wake umekuwa na athari kubwa. Ninapendekeza kisomwe pia kama kisa cha kupona. Milanzi haikupona kwa kuwa haikujeruhiwa. Ilinyang'anywa kiungo kikubwa, nacho ni utawala, na ikabaki hai kwa kukubali kukiacha mikononi mwa aliyekishika. Wala haikukiotesha upya. Kudumu kwake kulitokana na kile ilichokiacha, na masimulizi hayalifichi jambo hilo. Kila mtwa aliyesimikwa alilikumbusha tena.

Jina la Sumbawanga nalo lina simulizi lake. Maelezo yanayotajwa sana na wenyeji ni kwamba maana yake ni “tupa uchawi,” yaani mgeni anayeingia auache nje. Ikiwa maelezo haya ni etimolojia ya kweli au ya mapokeo ni suala la wanaleksikografia. Kwetu ni muhimu kwamba mji huu umejisimulia kwa kauli inayohusu mwili na hatari: ili upone hapa, kuna kitu sharti ukiache.

Dawa yenye masharti

Wazo la mwili usiopenyeka lina kumbukumbu nzito zaidi kwingineko Afrika ya Mashariki. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hakudhurika kwa silaha isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Wahakiki wengi wamekijadili kisa hiki kwa upande wa usaliti wa mwana kwa baba. Nisingependa tulipite suala la mahali penyewe. Kitovu ni kovu la kwanza la kila binadamu, alama ya jeraha lililompa uhai wa peke yake. Mwili wa Liyongo ulikuwa na pengo pale tu ulipowahi kuungana na mwili wa mtu mwingine, na aliyeijua siri akaitumia alikuwa mtoto wake.

Mwaka 1905 wazo hilo lilitoka katika utenzi likaingia vitani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ambayo, waliamini, yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Alinyongwa mwezi Agosti mwaka huohuo, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907 na kuenea katika sehemu kubwa ya kusini ya nchi. Tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, wapiganaji waliokunywa dawa hiyo waliikabili bunduki ya rashasha. Waliokufa katika vita hivyo na katika njaa iliyofuata wanakadiriwa na wanahistoria kuwa hadi 250,000 au 300,000. Vita havikufika Ufipa, lakini hakuna mjadala wa mwili usiodhurika katika Kiswahili unaoweza kuvikwepa, hasa tangu Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Tamthilia hiyo inauliza kama uongo unaowaunganisha watu unaweza kuwa na ukweli wake, na Kinjeketile wake anakataa kuyakana maji hata anapokabiliwa na kifo.

Wasomaji wa tamthilia hukumbuka risasi na husahau miiko. Maji hayakuwa kinga tupu. Aliyekunywa alikatazwa kupora na alikatazwa kukutana na mwanamke kwa muda. Mpiganaji alipoanguka, maelezo yalikuwa tayari: mmoja wao amevunja mwiko. Lawama ya kifo ilirudi katika mwili wa marehemu, au wa mwenzake aliyesimama karibu.

Ufipa ilipata toleo lake la dawa ya namna hii kwa njia ya kusini-magharibi. Katika miaka ya 1930, vijana waliojulikana kama wamchapi walitoka upande wa Nyasaland wakipita vijijini na dawa ya kunywa. Jina lao huhusishwa na neno la Kinyanja lenye maana ya kufua. Audrey Richards aliwaona miongoni mwa Wabemba na kuandika kuwahusu mwaka 1935. Aliyekunywa dawa hiyo alikingwa dhidi ya uchawi, lakini kama yeye mwenyewe alikuwa mchawi na akaurudia uchawi wake, dawa ileile ingemuua. Katika miaka ya 1963 na 1964 kampeni ya aina hiyo ilipita tena Ufipa kwa jina la kamchape, na ndiyo iliyoelezwa na Willis katika makala yake ya mwaka 1968. Vijana wageni walikusanya pembe na vibuyu vya wanaoshukiwa, wakawapa wanakijiji dawa ya kinga, wakaondoka na ada.

Angalia muundo wake. Kila mtu kijijini anabadilishwa mwili kwa siku moja. Kinga na adhabu vimo katika kitu kimoja. Ulinzi wa mmoja haukamiliki mpaka wote wamekunywa, kwa kuwa hatari inatoka kwa jirani na kwa ndugu, wala haitoki kwa mgeni. Willis alionesha pia kwamba waliopata hasara katika kampeni hii walikuwa hasa wazee. Vijana waliwashutumu wakubwa zao kwa lugha ya afya ya kijiji. Kijiji “kilipona,” na baadhi ya wazee wake wakabaki na jina la uchawi.

Mtu akinambia kwamba haya ni ushirikina na hayana nafasi katika mjadala wa bunilizi ya kisayansi, nitamjibu kwamba kamchape ilikuwa kampeni ya kinga ya jamii iliyofuata mantiki kali kuliko ile ya riwaya nyingi ninazozisoma. Haikutoa nguvu bila kutaja bei.

Mageuko nayo hutoza

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi. Je, uponaji uliozidi kiwango ungeweza kutokea kwa uteuzi asilia? Afrika ya Mashariki ina mifano miwili mizuri, na inashangaza kwamba watunzi wetu hawaitumii.

Wa kwanza ni selimundu. Neno hili lenyewe, lililoundwa kwa seli na mundu kutokana na umbo la chembe nyekundu za damu zinapopinda, ni mojawapo ya mafanikio ya uundaji wa istilahi katika Kiswahili cha Tanzania, ingawa mitaani sikoseli bado ina nguvu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za watu wa nchi hiyo mwaka 1949 akiwa bado mwanafunzi. Aliona kwamba chembe hizo ni za kawaida pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu katika nyanda za juu. Mwaka huohuo Lehmann na Raper walitoa takwimu za Uganda zilizofika asilimia 45 kwa Waamba. Ilikuwaje jeni linaloua watoto likawa la kawaida kiasi hicho? Mwaka 1954 Allison alichapisha jibu: aliyerithi jeni hilo kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Aliyelirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu.

Hili ndilo jambo la karibu zaidi na “nguvu ya ziada” ambalo mageuko yamewahi kumpa binadamu wa ukanda huu, na lina sura ileile ya dawa ya kamchape. Kinga na adhabu vimo katika kitu kimoja. Mzazi aliyekingwa akimpata mwenzi aliyekingwa, kila mtoto wao ana uwezekano wa moja kwa nne wa kulipa. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mababu walipona, na deni lao linadaiwa wajukuu.

Mfano wa pili ni mdogo kwa umbo. Ni panya wenye miiba wa jenasi ya Acomys, wakazi wa miamba ya maeneo makavu ya Kenya. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa spishi mbili za huko, Acomys kempi na Acomys percivali. Panya hawa wakishikwa na adui huchanika ngozi na kukimbia, wakimwachia adui kipande. Kisha ngozi huota upya pamoja na vinyweleo vyake, karibu bila kovu. Hata matundu ya milimita 4 yaliyotobolewa masikioni yalizibika kwa ngozi, vinyweleo na gegedu, ingawa misuli haikurudi. Mamalia wengine, nasi tukiwamo, huziba jeraha haraka kwa kovu, kwa kuwa kidonda kilicho wazi ni mlango wa damu kutoka na wa vijidudu kuingia. Bei aliyolipa panya huyu inaonekana kwa macho: ngozi yake ni dhaifu takriban mara 20 kuliko ya panya wa kawaida wa maabara. Uwezo wake wa kupona haukumfanya awe mgumu. Umeambatana na wepesi wake wa kujeruhiwa.

Mtunzi akitaka binti wa Milanzi atokane na mageuko, basi, hawezi kumpa ngozi ya chuma pamoja na uponaji wa haraka, au ataeleza kwa nini. Binadamu hatuanzii patupu, kwani kijusi katika miezi yake ya mwanzo hupona ngozi bila kovu, na ini la mtu mzima hurejesha ukubwa wake hata baada ya kukatwa sehemu kubwa. Uwezo upo na umefungiwa, na sehemu ya sababu ni kwamba seli zinazogawanyika kwa uhuru ndizo pia seli za saratani. Upande wa muda ni mgumu zaidi. Tukiurudisha ujio wa Watwa hadi miaka 300 iliyopita, na tukahesabu kizazi kuwa miaka 25, tunapata vizazi 12. Jeni la selimundu lilihitaji maelfu ya miaka na ugonjwa ulioua watoto kwa wingi bila kukoma. Riwaya yenye subira ingeweza kuutumia ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ambao juu yake kuna uwanda wa baridi unaofika na kupita mita 1,700 na chini yake kuna Bonde la Rukwa lenye joto kwenye mita 800 hivi. Watu wale wale, lugha moja, na mazingira mawili yanayochagua tofauti. Sijaona aliyeutumia.

Riwaya ilivyouacha mwili

Ni kweli kwamba riwaya ya Kiswahili haijakosa ujasiri wa kubuni. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zilivunja mpangilio wa wakati na mahali. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) alimrusha Dzombo angani hadi kwenye sayari ambayo jina lake linatamka kwamba wale ni sisi. Katika Babu Alipofufuka (2001) Said Ahmed Mohamed alimrudisha babu kutoka kwa wafu ili amsute mjukuu aliyetajirika kwa hila. Kyallo Wadi Wamitila alifuata na Bina-Adamu! mwaka 2002. Alena Rettová, katika makala yake ya mwaka 2017, amezijadili riwaya za Kiswahili na za Kishona kama maandishi ya mustakabali, na mjadala huo umefungua njia.

Hata hivyo, kwa usomaji wangu, katika kazi hizi kinachobadilika ni jamii, anga, wakati au mpaka kati ya wafu na walio hai. Mwili wa binadamu kama kiumbe cha kibayolojia unabaki ulivyo. Dzombo anafika sayari nyingine na mwili aliotoka nao. Sina lawama kwa hilo. Riwaya hizi zilikuwa na kazi ya kisiasa ya kufanya na ziliifanya. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana anayetaka kuandika kuhusu mwili uliobadilika haoni mtangulizi katika riwaya, na hivyo anamwendea shujaa wa sinema. Watangulizi anao. Wamo katika utenzi, katika tamthilia na katika kumbukumbu za vijiji.

Anayemwendea shujaa wa sinema anapokea pia dhana ambayo haiendani na mazingira ya hadithi yake. Shujaa huyo ni mtu pweke. Jeraha lake linafunga na hadithi inaendelea. Hana shangazi anayeuliza, wala hana mtoto aliyerithi nusu ya kile alichonacho.

Binti wa Milanzi na majirani zake

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la kifasihi tu. Rukwa ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambako watu wenye ualbino wameshambuliwa, kukatwa viungo na kuuawa kwa imani kwamba miili yao huleta utajiri. Mashambulizi hayo yaliitikisa nchi kuanzia mwaka 2007 hivi, na mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Nyuma ya imani hiyo kuna dhana pana ya vizimba, yaani vitu ambavyo husadikiwa kuipa dawa nguvu inayokosekana katika majani na mizizi. Katika baadhi ya kesi zilizofika mahakamani, washtakiwa walikuwa jamaa wa karibu wa aliyeshambuliwa.

Mwanafunzi wangu alipoandika kwamba habari za binti huyo zilienea hadi mjini na watu wakaja kumshangilia, alikuwa ameandika kama mtu asiyekulia Sumbawanga. Mwili wenye sifa ya ajabu, katika mazingira hayo, haushangiliwi kwanza. Huwekewa bei. Kama kidole chake kikikatwa kinaota, basi kuna atakayetaka kidole, na kesho atataka kingine. Uponaji wake ungemfanya awe shamba. Nilimwambia hivyo, labda kwa ukali kuliko ilivyostahili, naye akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama mama wa binti angekuwa anajua.

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko langu. Mama angejua, kwa sababu ndiye aliyemwona kitovu kikikauka siku ya kwanza badala ya siku ya saba. Angemfundisha kuvaa kitambaa juu ya jeraha lililokwisha kupona na kuchechemea wiki nzima kwa ajili ya macho ya watu. Riwaya yote ingeweza kuwa juu ya kuchechemea huko. Ingekuwa bunilizi ya kisayansi kwa kila kipimo, na ingekuwa na uzito ambao mapigano na majambazi, yaliyojaza sura tano za mpango wake, yasingeweza kuupata.

Nani analipa

Wapo watakaosema kwamba suala la mageuko limepitwa na wakati, kwa kuwa sasa jeni linahaririwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 mamlaka za Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza ya kuhariri jeni, na miongoni mwa magonjwa ya kwanza kutibiwa kwa njia hiyo ni huohuo wa selimundu. Muda wa maelfu ya miaka umefupishwa kuwa miezi michache hospitalini. Bei iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtunzi wa hadithi za Milanzi hahitaji kubuni kitu hapo. Dawa ipo na imethibitishwa, ilibuniwa kwa ajili ya jeni ambalo Afrika inalibeba kuliko bara jingine lolote, na mtoto wa Bonde la Rukwa hawezi kuifikia.

Tanzania imechukua njia nyingine. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Chembe hutolewa kwa ndugu wa damu anayelingana na mgonjwa. Kabla ya hapo, uloto wa mgonjwa mwenyewe huharibiwa kwa makusudi kwa dawa kali, na kwa siku kadhaa anakuwa hana kinga yoyote, akisubiri wa mwenzake uote ndani yake. Yule aliyetoa huumwa nyonga kwa muda, kisha hurudi shule. Aliyepokea, mambo yakienda vema, huishi na damu inayotengenezwa na uloto wa kaka yake au dada yake.